Bamvua Tatu Bila Kazi: Upasuaji wa Matundu Madogo na Mgonjwa wa Gazi

Katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, mwezi una bamvua mbili. Maji yakitoka mbali, wanaovua pweza hushuka mwambani na mikuki yao, na wenye ngalawa hupanga safari kwa kutazama mwezi na upepo. Mtu anayeishi kwa kazi hiyo akipasuliwa tumbo kwa mkato mpana, kisha akaambiwa asinyanyue kitu kizito kwa wiki 6, amekosa bamvua tatu. Hana likizo ya ugonjwa wala mshahara unaoingia akiwa kitandani. Mada hii inaanzia hapo: jeraha la upasuaji lisipimwe kwa sentimita peke yake, lipimwe pia kwa siku za kazi linazozila.

Upasuaji wa matundu madogo wengine huuita upasuaji wa kamera. Mgonjwa akishalala kwa dawa ya usingizi, daktari hutoboa karibu na kitovu na kupuliza ndani hewa ya kaboni dioksaidi kwa mgandamizo wa milimita 12 hadi 15 za zebaki, mpaka ukuta wa tumbo unyanyuke na kuacha nafasi ya kuona. Hewa hiyo huchaguliwa kwa sababu haishiki moto pale mishipa inapochomwa kwa umeme kuzuia damu, na kwa sababu mwili huinyonya na kuitoa kwa pumzi. Kamera huingia, picha hutokea kwenye skrini, na matundu mengine mawili au matatu, ya milimita 5 hadi 10, huwa njia ya makasi na koleo ndefu. Mfuko wa nyongo uliojaa vijiwe hutolewa kupitia tundu lililo chini ya kitovu au juu yake.

Njia hii ilipingwa sana ilipoanza. Mjerumani Georg Kelling alichungulia tumbo la mbwa kwa darubini mwaka 1901, lakini ilipita miongo mingi kabla ya madaktari wa upasuaji kukubali kukata kitu wanachokiona kwa kioo tu. Kurt Semm wa mji wa Kiel, daktari wa magonjwa ya wanawake, alitoa kidole tumbo kwa njia hiyo mwaka 1980 na akashambuliwa na wenzake. Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo mwaka 1985, naye hakusikilizwa. Philippe Mouret aliporudia kazi hiyo Lyon, Ufaransa, mwaka 1987, mambo yaligeuka ghafla: wagonjwa wenyewe wakaanza kudai upasuaji wa kamera.

Hapo ndipo madhara yalipoonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia hii ilienea upesi kuliko mafunzo, na visa vya mrija wa nyongo kukatwa kwa makosa viliongezeka katika nchi tajiri zenye kila kifaa. Mgonjwa aliyeingia kwa ajili ya vijiwe alirudi na macho ya manjano na nyongo imemwagika tumboni, na kuutengeneza mrija huo ni kazi ngumu kuliko ile iliyomleta. Kwale haina sababu ya kulipia somo hilo mara ya pili.

Faida yake, hata hivyo, ni ya kweli. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalilinganisha upasuaji wa kamera na mkato mpana kwa wagonjwa wa mfuko wa nyongo. Vifo havikutofautiana, lakini waliofanyiwa kwa kamera walitoka hospitalini mapema kwa siku 3 hivi, na walipata nafuu kamili mapema kwa takriban wiki 3. Kwa mtu wa Gazi, hizo ni bamvua moja na nusu. Mwaka uo huo ulinganisho mwingine wa Cochrane uliweka kamera sambamba na mkato mfupi wa kawaida, usiozidi sentimita 8. Siku za kulazwa hazikutofautiana kwa maana, wala madhara, na mkato mfupi ulichukua muda mdogo zaidi mezani.

Matokeo hayo ya pili yanastahili kusemwa kwa sauti katika kila kikao cha kupanga ununuzi. Daktari mwenye mkono mzuri, taa nzuri na subira anaweza kumrudisha mvuvi baharini karibu upesi sawa na mwenzake mwenye mtambo wa mamilioni.

Tena kuna magonjwa ambayo hayangoji kamera. Maumivu ya kidole tumbo huanza karibu na kitovu, kisha huhamia chini upande wa kulia. Hamu ya chakula hupotea, kichefuchefu na homa hufuata. Vijijini, maumivu ya namna hiyo huitwa chango, tumbo likakandwa, au mgonjwa akapewa dawa ya kuharisha. Kidole tumbo kikishapasuka, usaha husambaa. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani, iliyotoa ripoti mwaka 2015, iliweka upasuaji wa kufungua tumbo miongoni mwa huduma tatu ambazo kila mtu anapaswa kuzifikia ndani ya saa 2. Nyingine ni upasuaji wa kujifungua na matibabu ya mfupa uliovunjika na kutokeza nje. Gazi iko kilomita 50 hivi kusini ya Mombasa, na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Msambweni iko jirani, ukifuata barabara ya Lunga Lunga. Mwenye kidole tumbo kilichopasuka anahitaji kukatwa huko karibu, usiku huo huo. Kumpeleka Makadara, hospitali kuu ya Mombasa, kupitia feri ya Likoni, au hata kwa barabara ya Dongo Kundu, ili tu apate tundu dogo, ni kumwongezea hatari.

Dawa ya usingizi nayo ina hesabu yake. Kidole tumbo kinaweza kutolewa kwa mkato mdogo huku mgonjwa akiwa macho, amechomwa sindano ya ganzi mgongoni. Upasuaji wa kamera kwa kawaida hutaka alazwe usingizi kamili na kuwekewa mpira wa kupumulia, kwa sababu hewa iliyojazwa tumboni husukuma mapafu juu. Hapo lazima awepo mtaalamu wa usingizi, oksijeni isiyokatika, umeme wa akiba, mitungi ya hewa, na mtu anayejua kusafisha koleo zenye viungo vidogo bila kuziharibu. Serikali ya Kenya ilipoanza mwaka 2015 kukodi vifaa vya hospitali za kaunti, baadhi ya mashine zilikaa bila kazi kwa kukosa wataalamu, maji au umeme. Mpango wa kamera usioanza na mtu wa usingizi utaishia stoo.

Tenwek, hospitali ya misheni huko Bomet, inaonyesha njia nyingine. Saratani ya umio ni nyingi upande huo wa Kenya, na wagonjwa wengi hufika wakiwa hawawezi kumeza hata uji. Madaktari wa hapo walijizoeza kuingiza mrija wa wavu wa chuma kupitia mdomoni, wakiongozwa na darubini peke yake bila mashine ya eksirei, na wamewasaidia mamia kula tena bila kukatwa popote. Walichagua ugonjwa mmoja unaowatesa watu wao, wakaurudia mpaka mikono ikazoea, wakaandika kila kisa na kuchapisha.

Tiba ya vidonda vya tumbo nayo ilibadilika bila mkato. Zamani wengi walikatwa sehemu ya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha katika miaka ya 1980 kwamba bakteria ndio chanzo kikubwa, dawa za wiki mbili zilichukua nafasi ya kisu kwa wagonjwa walio wengi. Kwa mifano hiyo miwili, darubini ya kumulika tumbo, pamoja na mtu aliyefunzwa kuitumia, pengine ndiyo ingekuwa kifaa cha kwanza cha kuombwa Msambweni, kabla ya mtambo wa matundu.

Mada inapendekeza basi mpangilio ufuatao. Dharura za tumbo zikatwe Msambweni kwa mkato wa kawaida, mfupi kadiri inavyowezekana. Vijiwe vya nyongo na ngiri zisizobana, ambazo zinaweza kungoja wiki kadhaa, zipangiwe siku maalumu na timu ile ile yenye uzoefu, wagonjwa wa kutosha wakusanywe ili mikono isisahau. Wahudumu wa afya ya jamii wa Gazi na kijiji jirani cha Makongeni wafundishwe dalili za kidole tumbo kwa Kidigo na Kiswahili, na waambiwe wazi kwamba tumbo la namna hiyo halikandwi. Na kwenye kadi ya kliniki, baada ya tarehe ya kutolewa nyuzi, iongezwe nafasi moja ya kuandika siku mgonjwa aliyorudi kazini kwake, mwambani, shambani au sokoni.