Warumi na Maji Yao

Wasikilizaji, sifa za Warumi wa kale tulizosoma shuleni ni za vita na wafalme. Leo twapenda kunena habari ya maji yao, na ninyi mkaao Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, mtaona upesi kwa nini.

Roma ilitumia maji ya mto, visima na chemchemi hata mwaka 312 kabla ya Kristo, ndipo Appius Claudius alipojenga mfereji wa kwanza. Miaka mia nne baadaye mifereji ilikuwa tisa, mingine yenye urefu wa kilometa zaidi ya 60. Sehemu kubwa ilipita chini ya ardhi, na penye bonde ilipita juu ya matao ya mawe. Maji yalikwenda kwa mteremko tu. Wameru na Waarusha, ambao tangu zamani wamechimba mifereji ya mashamba, hawana haja ya kufundishwa ugumu wa kazi hiyo: mteremko ukizidi, kingo hubomoka, ukipungua, maji hutuama. Mfereji wa Virgo, wa mwaka 19 kabla ya Kristo, umetengenezwa mara nyingi, na mpaka leo hulisha chemchemi ya Trevi mjini Roma.

Mwaka 97 baada ya Kristo Sextus Julius Frontinus alipewa usimamizi wa maji ya mji. Alikuta mabomba yametobolewa kwa siri na wezi wa maji (nalo si jambo geni kwetu!). Lakini twastaajabia zaidi kwamba Warumi hawakuyahesabu maji yote kuwa sawa. Maji ya Marcia yalisifiwa kwa kunywa. Ya Alsietina, yaliyokuwa mabaya, yaliachiwa bustani na ziwa la michezo ya merikebu.

Tena fundi Vitruvius aliandika kwamba kabla ya kuvuta maji ya chemchemi, watazamwe kwanza wenyeji wanaoyanywa: miili yao, miguu yao, macho yao.

Je, angalifika Maji ya Chai, angaliona nini? Meno yenye madoa ya kahawia, na watoto wengine wenye miguu iliyopinda. Mto ulipewa jina kwa rangi yake, lakini rangi siyo yenye kudhuru. Kinachodhuru ni floraidi, itokayo katika mawe ya volkano ya Meru, nayo haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja. Maji ya huko yamepimwa yakazidi hapo mara kadhaa. Kuyachemsha hakuiondoi, bali huizidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Huko Ngurdoto wataalamu wamejaribu kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Basi yakingwe katika mapipa safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, wapewe kwanza watoto wadogo, ambao meno yao yangali yakiumbika ndani ya ufizi. Ya mto yatumike kufulia na kusugulia sakafu.