Oili Ikiingia Lazima Ipate pa Kutokea

Yafuatayo ni mazungumzo ya msimamizi wa magari katika semina ya kamati za parokia iliyofanyika mjini Bariadi. Tumeyafupisha kidogo ili yaenee katika kurasa hizi.



Nimeombwa nieleze kwa nini magari yetu ya dizeli yenye turbo yanatoa moshi wa bluu na kula oili, na kwa nini fedha nyingi zinatumika bila tatizo kuisha. Nitatumia lugha ya kawaida. Mjumbe wa kamati anayesaini hundi ya gereji hana haja ya kuwa fundi, lakini anapaswa kujua analipia nini.

Mkoa wetu wa Simiyu, tangu ulipoanzishwa mwaka 2012, umepiga hatua katika barabara. Leo mtu anatoka Bariadi hadi Lamadi, karibu kilomita 72, kwenye lami. Lakini vigango vyetu vingi haviko kwenye lami. Viko ndani Itilima, Meatu na Maswa, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Masika udongo ule unashika tairi kama gundi, na gari linakwenda kwa gia nzito, injini ikilia na kuchemka huku mwendo ni mdogo. Kiangazi, hasa malori ya pamba yanapoanza kupita, ni vumbi tupu. Hali zote mbili zinaiumiza turbo.

Turbo ni nini?

Wengi wetu tulizoea Land Cruiser ya mkonga yenye injini ya 1HZ. Ile haina turbo. Inavuta hewa yenyewe, inavumilia mengi, na madereva wetu wengi walijifunzia kazi humo. Siku hizi parokia nyingi zina Prado au Hilux za lita tatu, na nyingine zina Land Rover Defender. Hizi zina turbo, na tabia tulizozoea kwenye 1HZ hazitoshi.

Wazo la turbo ni la zamani. Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza yake mwaka 1905. Ni feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, na feni ya pili inasukuma hewa nyingi ndani ya injini. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyo ndiyo inayoipoza pia.

Sasa hapa ndipo penye somo la leo. Oili inaingia kwenye turbo kwa nguvu ya pampu, kupitia bomba jembamba. Lakini haitoki kwa pampu. Inatoka kwa uzito wake yenyewe, ikiteremka kwenye bomba pana hadi kwenye bakuli la oili chini ya injini, ambalo mafundi huliita sampu. Bomba la kutokea limefanywa pana kwa sababu oili inatoka na povu, nayo haisukumwi na kitu chochote.

Fikirini karo la kuoshea vyombo. Bomba la maji limefunguliwa, na tundu la chini limeziba nusu. Maji yatapanda na kumwagika pembeni. Hata ukinunua karo jipya, kama hujazibua tundu, maji yatamwagika tena. Kwenye turbo, oili iliyokosa njia inapita kwenye ringi za pande mbili za shafti. Ringi hizo ni za chuma, si mpira wa kuziba kabisa. Oili ikijaa kati yake, inapita. Ikipita upande wa moshi, mnaona moshi wa bluu. Ikipita upande wa hewa, inaingia kwenye mabomba na kuchomwa ndani ya injini.

Tumeshuhudia gari moja la huduma likifungwa turbo mpya, na baada ya siku chache moshi ukarudi uleule. Kamati ikaambiwa turbo iliyonunuliwa ilikuwa bandia, inunuliwe nyingine. Bomba la kurudisha oili lilipofunguliwa, ndani lilikuwa na masizi magumu, na gundi ya silikoni iliyopakwa kwenye gasketi ilikuwa imeingia tunduni. Turbo haikuwa na kosa. Bomba likasafishwa, gasketi ikabadilishwa, moshi ukaisha.

Sababu zinazozuia oili kurudi

Kwanza, bomba lenyewe. Linaweza kuwa na masizi, kupondeka, au mpira wake umelegea na kujikunja. Linatakiwa kuteremka moja kwa moja. Likipinda na kupanda tena kidogo, oili inatuama hapo. Gasketi yake isipakwe silikoni, na matundu yake yalingane na ya turbo.

Pili, oili kupita kiasi. Dereva anaogopa upungufu, anaongeza hadi juu ya alama. Oili kwenye sampu ikipanda na kufunika mdomo wa bomba, ile ya turbo haina pa kushukia. Pimeni gari likiwa sehemu tambarare, injini imezimwa na oili imeachwa itulie.

Tatu, upepo ndani ya injini. Injini ina bomba lake la kupumulia. Likiziba, au ringi za pistoni zikichoka, mgandamizo unajaa kwenye sampu na kuisukuma oili irudi juu. Jaribio lake ni rahisi: injini ikiwa sailensa, legeza kifuniko cha kuwekea oili na ukiache juu ya tundu. Kikirushwarushwa na moshi ukitoka kwa nguvu, shughulikia bomba la kupumulia kwanza, kisha hali ya ringi.

Nne, chujio la hewa lililojaa vumbi. Hili halizuii oili kurudi, lakini matokeo yake yanafanana. Feni inapokosa hewa inavuta kwa nguvu, na inavuta pamoja na oili. Kwa vumbi letu la kiangazi, chujio likaguliwe kila wiki, si kusubiri sevisi.

Kwa wenye injini za Toyota 1KD, yaani Hilux na Prado za D-4D, kuna jambo la ziada. Washa za shaba chini ya nozeli zikivuja, moshi wa injini unaingia kwenye oili na kuifanya nzito na nyeusi. Uchafu huo unaweza kuziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu. Hapo turbo inakosa oili, na injini nzima iko hatarini.

Utaratibu wa kazi

Fundi aanze na vitu visivyo na gharama: kiasi cha oili, chujio la hewa, bomba la kupumulia. Kisha afungue bomba la kurudisha oili, alioshe kwa mafuta ya taa, alikaushe, na aone mwanga upande wa pili. Aangalie na bomba jembamba la kuingiza. Ndipo aishike shafti. Ikicheza kidogo sana, ni kawaida. Feni zikigusa ukuta, turbo imekwisha, na hapo kununua ni halali.

Wakati wa kufunga, mabomba ya hewa na kipoza hewa vimwagwe oili iliyotuama. Hili ni la usalama. Injini ya dizeli inaweza kuchoma oili hiyo kama mafuta, ikapanda kasi yenyewe na kukataa kuzimika hata ukitoa funguo. Likitokea barabarani, dereva wa gari la gia za kawaida akanyage breki kwa nguvu, aweke gia ya juu na kuachia klachi ili injini ife. Asiinamie injini hiyo, wala asiweke mkono kwenye njia ya hewa.

Mwisho, oili mpya na chujio jipya, na oili safi kidogo imiminwe kwenye tundu la turbo kabla ya kuwasha. Baada ya kuwaka, gari likae sailensa kwa dakika chache bila kukanyaga mafuta.

Kwa madereva ninaongeza moja. Ukitoka kwenye tope, injini ikiwa ya moto, usizime mara moja. Turbo ikisimama ghafla, oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa masizi, na masizi ndiyo yanayoziba bomba. Dakika moja au mbili zinatosha. Ukiwa na mgonjwa, ashushwe huku injini ikiunguruma taratibu.

Nimeulizwa mara nyingi, je, si bora kuing'oa turbo tuishi kama zamani? Hapana. Injini hizi zimepangiwa mafuta ya kulingana na hewa ya turbo. Ukiing'oa, nguvu inapungua na gari litashindwa kwenye tope la Meatu.

Kazi ya kamati

Ninaomba kila kamati ikubaliane mambo matatu. La kwanza, daftari la gari lionyeshe oili iliyoongezwa na kilomita zilizokwenda. Gari linaloongezewa oili kila wiki linatoa taarifa, na taarifa hiyo isomwe mapema. La pili, hakuna turbo kununuliwa kabla mjumbe mmoja hajaona kwa macho bomba la kurudisha oili likiwa limefunguliwa na kusafishwa. La tatu, spea zote za zamani, hata gasketi, zirudi parokiani.

Kwa wafadhili wetu nasema kwa heshima: mmetupa magari, na tunashukuru. Lakini ni vigumu kupata fungu la gasketi, mipira, machujio na oili halisi, kwa sababu vitu hivyo havipigwi picha siku ya makabidhiano. Hata hivyo ndivyo vinavyoamua kama gari litakuwa barabarani au chini ya mwembe usiku ule mama anapohitaji kufikishwa hospitali. Bajeti ya gari iandikwe pamoja na bajeti ya kulitunza.

Siahidi kwamba bomba safi litaponya kila injini. Ringi zikiwa zimekufa, zimekufa, na gharama yake ni kubwa. Lakini tuanze na kilicho rahisi kukagua, ndipo tufikie kilicho ghali. Huo ndio uwakili mwema wa mali tuliyokabidhiwa.

Mafundi wapo hapo nje na gari limefunguliwa. Twendeni kila mmoja akalione bomba lenyewe.