Ngano Imeachwa, Tumbo Bado Linasumbua
Mgonjwa wa seliaki ameacha chapati, maandazi na mkate kwa miezi mitatu, lakini tumbo bado linajaa gesi. Je, daktari alikosea? Mara nyingi hapana.

Gluteni ya ngano, shayiri na rai huichochea kinga ya mwili wake ishambulie utumbo mwembamba. Vinyweleo vinavyofyonza chakula huharibika, na kwa mtu mzima kupona kwaweza kuchukua mwaka au zaidi. Ncha za vinyweleo hivyo ndizo zenye kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Ndiyo maana chai ya maziwa, isiyo na gluteni hata chembe, huwasumbua wengine kwa muda.

Lakini sababu kuu ni gluteni inayoingia kwa kificho: sosi ya soya, bia ya shayiri, unga wa muhogo uliosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, viazi vilivyokaangwa kwenye mafuta ya maandazi. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni hakizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kidogo mno!

Dalili zikiendelea, mgonjwa arudi kliniki apimwe damu, pamoja na wingi wa madini ya chuma. Anayekonda au kuona damu chooni asingoje tarehe ya miadi.