Wapelekeni Watoto Amani

Shule zinafunga mwezi huu wa Juni, na wazazi wa Tanga mjini tumeshaanza kuulizana watoto watashinda wapi. Wengine watapelekwa kwa bibi, wengine masomo ya ziada, waliobaki watakesha na runinga. Mimi leo nina ombi: tengeni siku moja, familia nzima, mwende Amani mkatembee msituni kwa miguu.

Nimeitaja Amani kwa sababu maji tunayokunywa mjini yanatoka huko. Mto Zigi unaanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, unateremka hadi bwawa la Mabayani, na hapo ndipo maji yanapochukuliwa, yakasafishwa, yakaletwa kwenye mabomba yetu. Mtoto wa Ngamiani au Chumbageni anafungua bomba kila asubuhi apige mswaki. Kwa nini akue hadi aoe bila kukiona chanzo cha maji hayo, nacho kiko Muheza, wilaya ya jirani tu?

Huko juu kuna baridi, hasa msimu huu wa kipupwe, kwa hiyo chukueni masweta. Amani ndiyo hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini, tangu 1997. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo, walichokianzisha 1902, na miti waliyoileta kutoka pembe zote za dunia imesimama mpaka leo. Lakini mkiwa na watoto, historia iachieni jioni. Njiani wana mambo yao.

Mtoto wa miaka sita hatembei kama mtu mzima. Anasimama, anachutama, anamgusa jongoo kwa kijiti amwone akijikunja. Mwacheni. Mwendo wa safari uwe wa yule mdogo kuliko wote, hata kama hamtafika mlikokusudia. Baba anayehimiza watu wafike kileleni anawanyima wanawe kile hasa walichokifuata.

Kwenye miamba yenye kivuli, karibu na vijito, tafuteni ua dogo la zambarau lenye vidoa viwili vya manjano katikati na majani yenye manyoya laini. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyetawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alivutiwa nalo akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Leo linapandwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na mamilioni ya watu wanalijua. Inaniuma kwamba watoto wa mkoa lilikotoka wengi hawajaliona. Mkilipata, litazameni, msilichume.

Kisha mwombeni mwongozaji achote kiganja cha majani yaliyooza chini ya miti, ampe mtoto ayaminye. Hata kama mvua haijanyesha kwa siku kadhaa, atahisi ubaridi na unyevu, kama chicha ambayo bado ina tui. Mvua ya Amani haiporomoki yote kwa mkupuo. Inanaswa na matawi, inanyonywa na takataka za majani, inazama ardhini, halafu inatoka pole pole kwenye vijito hata kiangazi. Ukifyeka mteremko huo, mvua ile ile itashuka na udongo, itajaza matope bwawani, na gharama ya kuyasafisha maji tutailipa sisi. Mtoto aliyeushika unyevu ule kwa mkono wake hahitaji hotuba ya mazingira.

Na hatari hiyo ipo. Msitu huu umewahi kuvamiwa na wachimbaji wa dhahabu waliochimbua kingo za vijito, na mashamba bado yanasogelea maji. Wako wakulima wa huko juu walioamua kuacha kulima hadi ukingoni mwa mto. Wanajinyima ardhi ili sisi wa mjini tunywe, na wengi wetu hatujawahi hata kuwasalimu. Mkipita vijijini, nunueni ndizi zao, wasikieni, waambieni asante.

Najua wapo wanaosema kutembea milimani ni starehe ya Wazungu. Si kweli. Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na chakula ni kile kile cha nyumbani: mihogo ya kuchemsha, maandazi, chai kwenye chupa. Vaeni viatu vilivyofungwa na suruali ndefu, muichomeke ndani ya soksi, maana siafu hawachagui mtalii. Msiingie bila mwongozaji wa hapo hapo. Plastiki mliyokwenda nayo rudini nayo yote.

Kwa walimu wakuu wanaonisikiliza: safari za shule nyingi zinaishia ufukweni. Muhula ujao, ipangeni moja iende Amani. Na kwa wazazi: piga simu ofisi ya hifadhi wiki hii uulizie njia fupi inayowafaa watoto, uweke nafasi kabla shule hazijafungwa.