Ratiba ya Kivuko na Usalama wa Abiria

Msikilizaji, leo tuko Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, kwenye njia ya Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara. Hapo, mchana wa tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika gati la Bwisya. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliofariki peke yao walizidi 220.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Mtu aliyetoka sokoni na gunia la mahindi na mtoto mgongoni, akijua safari za siku ni chache, hatabaki gatini. Atajibana humo humo. Ndiyo maana nasema ratiba ya uhakika ni kinga sawa na jaketi la kuokoa maisha. Kivuko kikiharibika mara kwa mara, watu hurundikana kwenye safari inayofuata.

Na starehe si anasa. Kiti na paa la kuzuia jua na mvua humfanya abiria atulie mahali pake. Waliosimama wamebanana, wakikimbilia wote upande mmoja ili washuke kwanza, huhamisha uzito, na chombo hulala.

Unapopanda, hakikisha wewe na mtoto wako mmeandikwa, kwani orodha ya abiria huwaongoza waokoaji. Uliza majaketi yako wapi kabla ya kuondoka. Ukiona chombo kimejaa, shuka, na uwaambie wahudumu kwa sauti. Mkifika, kaeni hadi kamba zifungwe.