Wa Nyuma Naye Anakanyaga
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa jamaa, Jalan Bani Bu Ali)



Nimeombwa niseme machache, na miaka ya ofisini imenizoesha kusoma karatasini, niwieni radhi. Nasaba yetu wameshaieleza wanaoijua kunishinda. Mimi nitazungumza habari ya baiskeli.

Tuliokulia Unguja tunakumbuka kupakiana. Nilipooa, mwaka 1980, nilimpakia mke wangu kwenye keria kutoka Mkunazini hadi Bububu, amekaa upande, buibui amelikusanya lisinaswe na gurudumu. Nilikwenda nilikotaka, kwa mwendo nilioutaka, naye akashika shati langu. Nikadhani ndoa ndiyo hiyo. Mwaka 1986, nilipoamua kuhamia huku Oman, nilimwarifu tikiti zikiwa mfukoni. Hakulalamika. Alifunga mizigo, akaenda kumwaga mama yake aliyekuwa mgonjwa, akanifuata.

Miaka mitano iliyopita presha ya macho ilimaliza nuru ya mwenzangu. Mtu aliyezoea kuzunguka kwa majirani akawa wa kupelekwa na kurudishwa. Mwanetu wa kwanza, alipoona mama yake anazidi kunyamaza, akatuletea baiskeli ya watu wawili.

Kwa wasioijua, ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na kila kiti kina pedeli zake. Mnyororo mmoja unaziunganisha pedeli za mbele na za nyuma. Mwengine unazungusha gurudumu. Hivyo miguu minne huzunguka pamoja, na akisita mmoja, wa pili huzuiliwa. Usukani wa nyuma ni wa kushikilia tu, haugeuzi kitu. Kwenye tambarare kama hii yetu huenda mbio, kwa kuwa nguvu ni za wawili na upepo humpiga zaidi aliye mbele. Mlimani huwa nzito. Katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, kama ile ya Paris mwaka 2024, wasioona hushindana kwa baiskeli ya namna hii, mbele yao amekaa rubani mwenye kuona.

Siku ya kwanza tulitoka alfajiri, kabla jua halijakaza, kwa njia ya Al Ashkharah. Nilikanyaga kimya, kama desturi yangu. Tukafika pahala upepo umetandaza mchanga barabarani. Niliuona, nikashika breki ghafla, na mwenzangu bado anakanyaga kwa nguvu zake zote. Tukaanguka. Mimi nikachubuka goti, yeye mkono ukavimba. Nilipomwinua hakulia. Alisema, "Bwana, miaka yote hii umenipakia. Leo sikupakiwa, nakanyaga. Nambie kuna nini mbele."

Tangu siku hiyo nasema. "Tuta." "Kona ya kushoto." "Ngamia, tupunguze." "Tunasimama." Naye ana yake ya kuniambia: gari linalotujia nyuma hulisikia kabla yangu, na mguu wangu ukilegea hujua kabla sijakiri. Tukipita Msikiti wa Al Hamoda humweleza jua linavyozipiga kuba zake 52, nikikosea hesabu hunisahihisha, maana alizihesabu mwenyewe alipokuwa akiona.

Asubuhi moja nikamwuliza swali lililochelewa mno. Lau ningalitaka shauri lake mwaka ule wa 1986, angalikubali kuhama? Tulikwenda kitambo, sisikii ila mnyororo. Kisha akajibu, "Ningalikubali. Ningaliomba tu tumngoje mama apone."

Mama yake alifariki mwaka uliofuata, nasi tuko huku. Hilo sina njia ya kulilipa. Nalisema mbele yenu, naye amekaa hapa na ameniruhusu.

Jamaa zangu, katika kila nyumba, na katika jumuiya yetu hii pia, yuko aliyeshika usukani. Simwonei kijicho, lazima mmoja aongoze. Lakini wewe uliye mbele, ukiona mchanga, useme kabla hujashika breki. Nanyi mlio nyuma, msikubali kufanywa mzigo wa keria. Kanyageni, na ulizeni kuna nini mbele.