Mbwa wa Mtaani Achanjwe, Apate Mwenyewe

Msikilizaji, hapa Dar, Kariakoo maduka yakishafungwa na mikokoteni ikaegeshwa, mbwa hutoka. Wengine hupekua mifuko ya taka, wengine hulala miguuni kwa walinzi wa usiku wanaowagawia ukoko wa ubwabwa. Utamkuta mmoja masikio yamejaa kupe, na kamba imezama kwenye nyama ya shingo. Alifungwa angali mdogo, akakua, asiwepo wa kuilegeza. Huyo hakuzaliwa koko. Alikuwa na mwenyewe, akatupwa.

Mbwa wakizidi, kauli yetu ya kwanza ni wapigwe risasi au watiliwe sumu. Hofu yetu ina msingi. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na dalili zikishaanza ni nadra mno mtu kupona. Lakini sumu haikomeshi kichaa. Inamuua hata mbwa aliyechanjwa, na taka zilezile zinawavuta wengine wasiochanjwa. Kinachokikomesha ni chanjo: wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walikiondoa kwa chanjo. Kiliporudi, wakakiondoa tena kwa chanjo.

Na mbwa huyu anaweza kupata kwao. Kule Arusha kituo cha Mbwa wa Africa, na Nairobi shirika la KSPCA, huokota mbwa, huwatibu, huwachanja, huwafunga uzazi, kisha huwatafutia nyumba. Sisi Dar tukitaka mlinzi wa nyumba, tunanunua kitoto cha mbwa wa kizungu kando ya barabara. Wewe mwenye geti na uwanja, chukua wa mtaani. Mpitishe kwa daktari wa mifugo kwanza.

Najua wengi wetu wa Pwani tunajihadhari na mate ya mbwa kwa ajili ya twahara, na hilo liheshimiwe. Lakini mafundisho hayohayo ya Kiislamu yanatusimulia mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kumhurumia mbwa si lazima umwingize sebuleni. Nchi nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili. Kamba ile shingoni ni ukatili.

Naiomba halmashauri ya jiji izoe taka za sokoni kabla ya usiku, na kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ichanje mbwa bure mtaa kwa mtaa, wenye kwao na wasio na kwao. Fedha ya sumu inunue chanjo. Na mtoto wako aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali saa hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.